Ile eli ya Ngong Road

Mi nimezaliwa Kibosho, Kilimanjaro, kwenye nyumba ambayo mama anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo pombe ya kupikwa kwa mikono naijua tangu mdogo, ila kuna bia nilikunywa Nairobi mwaka 2017 mpaka leo sijaisahau. Nilienda kikazi, jioni jamaa yangu wa kule akanipeleka baa moja ipo Ngong Road, akaniambia hapa bia hailetwi na lori, wanapika humo humo ndani, na kweli ukikaa unayaona matangi yao.

Sa mimi nilikuwa mtu wa laga, Kili, Safari, nikivuka mpaka Tusker, zote za njano na zote mtu anazitaka za baridi kali. Hii walisema ni eli, aina nyingine ya bia tofauti na laga, wenyewe wanaiita amber, ikaja kwenye glasi, bia yenyewe nyekundu ya kukolea kama chai ya rangi, povu zito, na haikuwa baridi sana. Aisee. Funda la kwanza nikapata sukari iliyoungua kidogo na harufu ya mkate unaotoka kwenye oveni, nikajua itakuwa tamu tu, kumbe bado, ukishameza ndo unakuja uchungu, taratibu, nyuma ya ulimi, unakaa pale hauondoki. Nikanyamaza. Huo uchungu naujua, nikamwambia jamaa huyu mtu katia msesewe humu! Hakunielewa, msesewe ni gome la mti, sisi Wachaga tunalitia kwenye mbege, bila hilo pombe inakuwa uji mtamu tu.

Jamaa akaenda kumwita mpishi wao, akatoka dada mmoja kavaa gambuti, mikono imelowa. Nikamuuliza, dada, huu uchungu mmeutoa wapi? Akacheka, karibu kaka, akatuletea viganja viwili vya kimea cha shayiri tutafune. Cha kwanza cheupe, kina ladha ya biskuti. Cha pili kimekaangwa mpaka sukari ya ndani ikaiva, kigumu, kinavunjika kwenye meno halafu kinakuwa karameli kabisa, akasema rangi yote ile inatoka hapo, hatii rangi yoyote. Uchungu ni hopsi, maua ya mmea fulani yanayotiwa kwenye bia, akanipa kidogo nikasugua kiganjani, harufu ya majani na maganda ya chungwa. Akaniambia eli inachachuka kwenye joto la kawaida tu, nyuzi kama 20 hivi, laga ndo inataka baridi na kukaa wiki nyingi.

Basi nami nikamweleza ya kwetu, ndizi zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichachuke, halafu ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji ndo unachanganya, na kazi yote hiyo kwetu ni ya wanawake. Alifurahi yule dada hadi akavuta kiti, akawa anauliza ulezi mnauotesha siku ngapi, gome mnalichemsha au mnalisaga, mengine nikashindwa nikampigia mama hapo hapo nikaweka spika. Mama kwanza akamuuliza mwanangu unapika pombe na umeolewa? Halafu wakaingia kwenye msesewe, wakaongea mpaka vocha yangu ikaisha, na mama alikuwa bado anamwambia asizidishe.