Gobori lisilolia: kumbukumbu ya mradi wangu, Kisumu

Ninaunda gobori la gumegume la maonyesho, yaani mfano wa bunduki ya zamani iliyoshindiliwa kupitia mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Mti ni wa kweli, mtambo unafanya kazi, lakini kasiba, lile bomba la kupitisha risasi, ni chuma kizima cha mviringo kisicho na tundu popote. Kifyatulio kikivutwa zinatoka cheche, basi. Hakuna baruti wala risasi itakayokaribia kitu hiki.

Niliamua hivyo tangu mwanzo. Kenya bunduki iko chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na kuiunda bila leseni ni kosa zito, hata kama babu yako aliwinda nayo. Kabla sijanunua hata msumari nilichukua mchoro wangu nikaenda nao kituo cha polisi, nikaeleza ninachotaka kufanya na kwa nini. Ukitaka kujaribu mradi wa namna hii, anzia hapo, halafu ndipo uende kutafuta chuma.

Sababu yangu ni vijana. Huku magharibi wengi wamesikia habari za Chetambe, pale karibu na Webuye, ambako Babukusu walipambana na kikosi cha Hobley, afisa wa utawala wa Waingereza, mwaka 1895. Bunduki zilizokuwa mikononi mwa Babukusu zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya ugomvi ule. Kijana atakutajia Maxim, bunduki ya mashine ya Waingereza, bila kusita. Mwulize gobori lilipigwaje, atanyamaza. Anayeshindilia gobori, hata akiwa askari aliyezoezwa vizuri, hupiga mara tatu hivi kwa dakika: baruti, risasi, mdeki (ufito wa kushindilia), baruti tena kwenye kisahani cha pembeni, ndipo alenge. Maxim ilitema risasi zaidi ya 500 katika dakika hiyo hiyo. Nataka kijana aushike mtambo kwa mkono wake, ahesabu hatua hizo mwenyewe, na tofauti hiyo aione.

Machi

Kasiba ilikuwa kazi nyepesi. Nilinunua chuma cha mviringo cha milimita 20, nikakipunguza kwa tupa upande wa mdomo ili kiwe chembamba kidogo mbele kuliko nyuma, kama zilivyokuwa kasiba za zamani. Mdomo wenyewe nimeupaka rangi nyeusi tu. Ukiwa hatua mbili mbali utadhani ni tundu.

Kitako nimechonga kwa siala. Waingereza walipenda mjozi, lakini siala iko hapa hapa kwetu, inachongeka vizuri na ubao wangu ulikuwa umekauka kivulini muda mrefu. Ubao mbichi usiuguse. Utapinda na kuibana kasiba.

Juni

Hapa ndipo penye kazi. Mtambo wa gumegume una nyundo inayolibana jiwe kwa taya mbili. Pembeni mwa kasiba kuna kisahani ambacho zamani kilitiwa baruti laini. Juu ya kisahani limesimama bamba la chuma, na mguu wa bamba hilo ndio kifuniko cha kisahani. Ukivuta kifyatulio nyundo inaruka, jiwe linaliparuza bamba kutoka juu kwenda chini, bamba linapinduka mbele, kisahani kinabaki wazi na cheche zinaangukia ndani. Yote hayo kwa pigo moja.

Watu hudhani moto unatoka kwenye jiwe. Moto unatoka kwenye chuma. Jiwe kali linakwangua chembe ndogo mno za chuma, msuguano unazipasha, na hewa inaziwasha zikiwa zinaruka. Cheche ni chuma kinachoungua. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini bamba lenye upana wa vidole viwili limenichukulia muda kuliko kasiba na kitako kwa pamoja.

Chuma laini cha ujenzi hakifai kabisa, jiwe linakichimba mkwaruzo na mambo yanaishia hapo. Springi ya gari ni afadhali, lakini kaboni yake ni kama asilimia 0.6 hivi na cheche zake ni chache, nyekundu, zinazima kabla hazijafika chini. Tupa nzuri ina kaboni inayokaribia asilimia 1 au kuizidi, na ndiyo niliyoitaka. Mafundi wa jua kali pale Kibuye, hapa Kisumu, wana tupa zilizokwisha meno ambazo hawana haja nazo tena.

Mhunzi mmoja mzee alikubali nitumie moto wake. Nilipoitoa tupa kwenye mfuko alinishika mkono kwanza.

“Usiigonge ikiwa baridi, mwalimu. Hii itapasuka kama chupa.”

“Niilainishe kwanza, mzee?”

“Ipashe iwe nyekundu, uifukie kwenye majivu, uende nyumbani. Kesho itakuwa na adabu.”

Ndivyo tulivyofanya. Ikilala kwenye majivu inapoa polepole na kulainika, na asubuhi yake unaweza kuikata, kuipinda ikiwa moto na kuitoboa tundu la pini bila shida. Ikishapata umbo ndipo unairudishia ugumu. Niliifunga sumaku ya spika mbovu kwenye waya, nikawa naijaribu kila mara: chuma kikifika joto la nyuzi 770 hivi za Selsiasi sumaku inaacha kukivuta. Ukivuka hapo kidogo unakitosa kwenye mafuta ya vuguvugu. Kisha chukua tupa nyingine nzima uipitishe juu ya uso wa bamba. Ikiteleza bila kung’ata, uso umekuwa mgumu inavyotakiwa. Mguu wake nimeupasha tena taratibu mpaka ukageuka rangi ya majani makavu, ili usivunjike ukipigwa, nikiwa nimeufunika uso kwa kitambaa chenye maji usipoteze ugumu wake.

Springi kubwa ya ndani nimeikata kwenye kipande cha springi ya gari, nikaikunja pembe kali na kuipasha mpaka rangi ya buluu. Inasukuma vizuri.

Agosti

Jiwe. Rafiki yangu aliniletea kipande cha kioo cha volkano kutoka upande wa Naivasha, jiwe lile jeusi linalong’aa ambalo watu wa kale walichongea zana pale Kariandusi, karibu na Gilgil. Kwa kukata halina mshindani, lakini ni laini kuliko bamba langu, kwa hiyo kila pigo lilimomonyoa ukingo wake na kuacha unga mweusi kwenye kisahani. Ugumu wake ni kama 5 na nusu katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe. Jiwe la kwazi lina 7, sawa na lile gumegume la Brandon, Uingereza, lililosafirishwa hadi Afrika kwa miaka mingi. Na kwazi tunayo tele: mishipa ya dhahabu ya Kakamega, ile iliyoleta watafutaji kwa wingi miaka ya 1930, imo ndani ya kwazi nyeupe. Wachimbaji wadogo hutupa mabonge yake baada ya kuyavunja.

Nilichagua kibonge chenye ukingo mkali, nikakivingirisha kwa ngozi ya kiatu na kukibana kwenye taya. Pembe ndiyo yenye uamuzi. Jiwe likilikabili bamba uso kwa uso linajivunja, likilala sana linateleza. Langu linagusa kwanza theluthi ya juu ya bamba, kisha linashuka nalo hadi chini. Usiku, taa ikiwa imezimwa, cheche zilimiminika nyeupe zenye umanjano, na kadhaa ziliendelea kuwaka ndani ya kisahani baada ya nyundo kutulia. Nilipiga kelele, jirani akaja kuuliza kuna nini. Akapiga yeye, na mwanawe naye.

Tena tukio hili lina historia. Mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, alisajili mwaka 1807 njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, ambayo baadaye ilizaa fataki, kile kikombe kidogo cha kemikali hiyo kinachogongwa na nyundo, na kufikia miaka ya 1840 jeshi la Uingereza lilikuwa linaliacha jiwe. Lakini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliozuia silaha za kisasa kuuzwa sehemu kubwa ya Afrika, uliruhusu magumegume yenye kasiba isiyo na mifuo ndani yaendelee kuuzwa. Silaha iliyokwisha kustaafishwa Ulaya ndiyo tuliyoonekana kustahili.

Sasa

Ninautia mtambo ndani ya kitako. Ninapaka bamba la nyuma la mtambo masizi ya taa ya mafuta, ninalikandamiza kwenye mti, ninalitoa, kisha kila palipobaki weusi ninapapunguza kwa patasi nyembamba. Ni kazi ya unyoya kwa unyoya, nami naipenda kuliko zote. Mtambo hautagundishwa, utashikwa na skrubu mbili ili vijana waweze kuutoa na kuutazama upande wa ndani.

Bado pete za shaba nyeupe na mdeki. Ufito wa mdeki nimeshaupata, mnyoofu, lakini haujakauka, kwa hiyo nitauchonga Desemba.