Nilirudi Machakos, Wakaniita Afande

Nimerudi Machakos baada ya miaka 14, na kilichonigutua kuliko barabara mpya na bei ya nyama ni neno moja kutoka kwa rafiki niliyechunga naye mbuzi. Aliponiona nikikaribia kibanda cha chai aliinuka, akavua kofia na kusema, "Karibu, afande." Nilicheka nikidhani ananitania; yeye hakucheka. Wenzake waliokuwa wakibishana kuhusu siasa walinyamaza, mmoja akazima sigara kwa kiatu, na benchi lililojaa likapata nafasi ya watu watatu kwa ajili yangu peke yangu.

Tuliokulia hapa tunajua afande ni nani: ni mwenye rungu, ambaye unamtolea kitambulisho kabla hajakiomba. Utotoni nilimkimbia pamoja na hawa hawa wanaonipisha leo.

Cheo chenyewe nilikipata mbali. Nilikwenda Marekani mwaka 2010 kwa viza ya mwanafunzi, na mwaka 2013 nikajiunga na jeshi lao kwa hiari kupitia MAVNI, mpango uliowachukua wageni wasio na kadi ya kijani mradi wawe na utaalamu wa tiba au lugha iliyohitajika. Kiswahili kilikuwamo, kile kile nilichopata C shuleni. Uraia ulifuata upesi, na bila huo nisingepewa kamisheni, yaani cheo cha ofisa. Mwaka 2016 nilimaliza wiki 12 za shule ya maofisa, Fort Benning, nikawa luteni, na nimeacha kazi nikiwa kapteni.

Mama ameitundika picha yangu ya sare kando ya ile ya babu, aliyekwenda Bama (Burma) katika Vita vya Pili vya Dunia na Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, akarudi koplo, kwa kuwa enzi hiyo ofisa wa Keya alikuwa Mzungu tu. Nilipomweleza tofauti yetu, alisema, "Nyote mlikuwa katika jeshi la wenyewe."

Anayepanga kurudi na cheo ajue hili: Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini Kifungu cha 78 kinamfungia mtu huyo mlango wa jeshi letu. Nyumbani mimi ni raia tu.

Jioni rafiki yangu alikuja kuniomba nizungumze na askari waliomkamatia pikipiki. Nilimwambia sina mamlaka hapa hata ya kuhamisha kiti.

"Ndiyo, afande," akajibu, akaendelea kusubiri.