Kijivu kimoja, majarida manne

Jana usiku nilibadilisha mstari mmoja kwenye kiolezo, yaani faili linalopanga sura ya kurasa, na majarida yote manne ya mtandaoni ninayoyasimamia yakabadilika palepale. Zamani kazi hiyo ingenila wiki.

Enzi hizo kila jarida lilikuwa na nakala yake ya kiolezo. Tulianza na faili moja, kila mhariri akalichukua, akaenda kulichokonoa apendavyo. Siku niliyokaa kuhesabu bluu za vichwa vya habari nilipata tisa. Mbili kati yake zilikuwa na namba za rangi #1A5276 na #1A5277. Mwenye jicho la kuzitofautisha ajitokeze, nimpe kazi.

Kilichonitoa usingizini ni kijivu cha maelezo ya picha, #999999 juu ya nyeupe. Kwenye skrini yangu kilipendeza kweli. Kisha msomaji akaniandikia kwamba akiwa juani haoni kitu. Nikapima: uwiano wa mwangaza kati yake na nyeupe haufiki hata 3 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inapita, tena kwa kuponea chupuchupu. Ila ilibidi nifungue mafaili manne, na ndani ya mawili kijivu kile kilirudiwa zaidi ya mara kumi.

Sasa kila rangi imepewa jina mara moja, mwanzoni mwa faili mama la CSS (lugha ya kupangia sura ya kurasa za wavuti), na majarida yote yanasoma humo. Kila jarida lina faili lake dogo linalopakiwa baadaye. Kanuni mbili za CSS zikiwa na uzito sawa, iliyokuja mwisho ndiyo inayoshinda. Anayetaka kichwa chekundu aandike kwake, mama asiguswe.

Mama naye ana hatari zake. Mwezi uliopita nilibana nafasi kati ya mistari huku nikiangalia jarida la habari peke yake. Kwenye jarida la mashairi mishororo ikapandana. Mhariri wake alinitumia picha ya skrini bila neno hata moja. Tangu hapo sihifadhi kabla sijafungua shairi, jedwali na kichwa kirefu kuliko vyote tulivyonavyo.

Mhariri wa mashairi nilimruhusu nafasi yake ya mistari, maana shairi linaihitaji. Wa habari alitaka fonti ya tatu, nikamkatalia. Mpaka leo salamu zake ni za nusu mdomo.