Panya kwenye banda la kuku: nilivyowapunguza bila kumwaga sumu uani

Mavuno ya mahindi yakiisha, sisi tunaokaa pembezoni mwa Morogoro tunapata wageni kutoka mashambani. Mwaka huo panya walikuta kwangu kila kitu: kuku chotara, pumba, mashudu, dagaa wa kusaga, na banda la mbao lililokaribia kugusa ardhi, chini yake giza zuri la kuchimbia. Nikaanza kuona mayai yametobolewa, kisha vifaranga wametafunwa miguu. Ukiwamulika tochi usiku wanapita kando ya ukuta kwa foleni, hata haraka hawana.

Kila niliyemsimulia alinijibu neno moja: sumu. Kuipata si kazi, kijana wa kipaza sauti anapita hadi mlangoni, "dawa ya panya, mende, kunguni!" Nilikataa. Nina mtoto anayeokota chochote akatia mdomoni, nina mbwa, nina paka, na hao kuku wenyewe. Sumu nyingi za madukani ni za kuzuia damu isigande. Panya akila hafi papo hapo, anachukua siku kadhaa, na siku hizo anatembea amelegea, paka anamkamata bila shida. Kuku naye msimwone mla nafaka tu. Akikuta panya mdogo amekufa anamdonoa, na sumu za aina hii hukaa kwenye ini na zinaweza kufika hadi kwenye yai. Kuna ile ya unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu, zinki fosfidi, ambayo ikifika tumboni inakutana na tindikali na kutoa gesi ya kuua, na haina dawa ya kuibatilisha. Na zile punje za kwenye vikaratasi visivyo na lebo, muuzaji mwenyewe hawezi kukwambia ni nini. Mtoto wa miaka mitatu akiziona zina rangi ya waridi, kwake hizo ni pipi.

Kwa aliyekwisha kumwaga na mtoto akala: usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Beba pakiti, kimbia naye hospitali. Sumu ya kuzuia damu kuganda inatibika kwa vitamini K, ila daktari anahitaji kujua ni sumu gani.

Kilichowaondoa panya kwangu kwa kweli ni njaa. Panya huogopa kitu kigeni. Ukiweka mtego leo atauzunguka siku kadhaa akiuchunguza, na kama pembeni kuna chombo cha kuku kimejaa, ana sababu gani ya kujaribu dagaa wako? Ndiyo maana wengi hutega, hawapati kitu, wakasema panya wa siku hizi wajanja. Wameshiba tu.

Kuku hali gizani. Kwa hiyo vyombo vya chakula vinatolewa bandani magharibi na kurudishwa asubuhi, na kilichomwagika kinafagiliwa kabla ya giza. Chakula kinakaa kwenye pipa la bati lenye mfuniko na tofali juu yake. Ndoo ya plastiki haifai, kwani meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote na kutafuna ni lazima kwake. Ugali wa mbwa nao hauachwi ukalala nje. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko saruji na misumari yote, maana mama mkwe alizoea kuwatupia kuku makombo ya chakula cha jioni.

"Mama, naomba makombo tuwape asubuhi."

"Kwani kuku ana saa ya kula?"

"Kuku hana, mama. Panya ndiye anayo."

Alicheka, na makombo yakahamia asubuhi.

Fundi akaliinua banda juu ya miguu ya karibu mita moja, akaizungushia bati laini lisilo na pa kushika kucha. Ule wavu wa kuku wa matundu makubwa unazuia kuku kutoka, lakini panya mdogo hauzuii: tundu linalopitisha kidole gumba ni mlango kwake. Tukaweka wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi pande zote na chini ya sakafu. Mashimo ya ardhini tuliyaziba kwa kokoto na saruji, na lile rundo la mbao kuukuu nililokuwa nikilitunza kwa kazi ya baadaye likawa kuni.

Baada ya hapo ndipo nikatega. Mtego wa kubana ukiwa wazi uani utavunja kidole cha mtoto au mguu wa kuku. Gundi ndiyo sitaki hata kuisikia, inanasa kifaranga vilevile. Nilipiga sanduku refu la mbao lenye tundu la kama sentimita sita kila upande, mfuniko wake una kufuli, mtego unakaa katikati ambako mkono wa mtoto haufiki. Sanduku linalazwa sambamba na ukuta, kwa sababu panya hupita huku sharubu zikigusa ukuta. Siku za mwanzo niliweka chambo bila kutega, wazoee. Nazi iliyochomwa ilishinda dagaa, sijui kwa nini, labda harufu. Nilipotega, asubuhi ya kwanza tu sanduku lilikuwa na mtu.

Kinyesi chao usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa, kiache kilowe, kisha futa ukiwa na glavu. Julai 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ugonjwa uliozuka Lindi ni Homa ya Mgunda, wengi tulisikia kwa mara ya kwanza kwamba mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, unaweza kuua mtu. Tangu hapo watoto hawaingii bandani peku.

Ajabu ni kwamba tunaishi mji uleule ambako panyabuku wanafunzwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa hapa. Wa kwangu hawakuwa na elimu hiyo.

Jike mmoja wa panya hubeba mimba wiki tatu hivi tu, akazaa watoto sita au zaidi kwa mkupuo, kwa hiyo ukisafisha peke yako unawapangishia nyumba wa jirani. Nilimweleza balozi wetu wa nyumba kumi, akawaita majirani, na wengi wakakubali kuondoa chakula usiku na kutega kwa pamoja. Mmoja alikataa. Anamwaga sumu yake mpaka leo, na anayo haki ndani ya uzio wake, ila panya hafii pale alipolishwa. Kwa hiyo mbwa wangu anabaki amefungwa, na kuku hawafunguliwi, mpaka nimezunguka uzio na koleo. Nikikuta mzoga nauokota kwa mfuko wa plastiki na kuuzika kina cha mkono mzima, mbwa asije akaufukua.