Mawe Juu ya Mabati, Malbec Mezani

Asubuhi nimetumiwa tangazo la duka moja la pombe: leo, tarehe 17 Aprili, ni siku ya Malbec duniani, ile waini nyekundu ya zabibu za jina hilohilo, nunua chupa mbili upunguziwe bei. Chini yake pana picha ya mwanamke aliyefumba macho, ati ananusa glasi. Mimi Malbec hunipeleka kwingine kabisa.

Ni enzi zile za trei na tai nyeusi, nilipokuwa weita, mnazijua, sizirudii. Masika yalikuwa yamepamba moto hapa Nairobi, hoteli imejaa. Kwenye meza ya mwisho ya veranda alikaa mgeni wa makamo, peke yake, mikono yake mipana na mikavu, hailingani na shati lake la bei. Akaagiza Malbec ya Mendoza, kule Argentina. Nikammiminia kidogo aonje, nikaanza wimbo tuliofundishwa: rangi ya zambarau, ladha ya matunda meusi... Akatabasamu. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akaniambia yeye huzilima hizo zabibu.

Hapo mvua ikageuka mawe.

Paa la veranda lilikuwa la mabati, kwa hivyo hamna haja ya kuelezwa kelele. Watu wakatoa simu. Watoto wakachomoka kwenda bustanini kuokota mawe, wakayatia kwenye glasi za soda huku mama zao wakiwafokea na kucheka. Yule mgeni akaweka glasi chini, akainuka, akaenda mpaka ukingoni. Hakutoa simu. Alikinga kiganja, jiwe likatua, akalipima kwa kidole gumba, akalitupa, akakinga jingine. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Shati lilimlowa bega zima na hakusogea. Nami nikamtambua, ingawa sikuwahi kumwona kabla ya siku ile: ndivyo baba alivyokuwa akisimama mlangoni kule Kericho, mawe yakichana majani chai, mama akimwita aingie ndani naye hasikii. Meza tatu zilikuwa zikiniita. Nilibaki nimeshika chupa.

Mvua ilipotulia alirudi na kicheko cha aibu. Zabibu zake alikuwa ameshazivuna kabla ya kusafiri, hakuwa na la kuogopa. Mwili tu ndio haukujua.

Akanichorea nyuma ya risiti. Huku milima ya Andes, hapa Bonde la Uco, shamba lake zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mvua ya Mendoza kwa mwaka ni kama milimita 200 tu, kwa hivyo mizabibu hunyweshwa theluji inayoyeyuka milimani, ikipitia mifereji ambayo Wahuarpe, wenyeji wa asili wa huko, walianza kuichimba kabla Wahispania hawajafika. Jua kali la huko juu huifanya zabibu iote ganda nene, ndiyo maana waini inakuwa nzito na nyeusi namna ile. Baridi ya usiku nayo huitunzia uchachu wake. Mmea wenyewe ni wa Ufaransa. Mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, ndiye aliyeupeleka Mendoza mwaka 1853, na hii siku ya matangazo inatokana na mwaka huo. Kwao asili, kule Cahors, jalidi ya 1956 iliua karibu mizabibu yote. Mendoza adui ni mawe: dakika kumi, na mwaka mzima umekwisha. Basi hutandaza nyavu juu ya mistari ya mizabibu, na enzi hizo ndege zilikuwa zikipanda kutia dawa mawinguni.

Nikamwambia Kericho pia ndege za hivyo zilijaribiwa miaka ya 1960, kwa ajili ya chai. Akavuta kiti, akaniambia niketi. Weita haketi na mteja. Niliketi, ukingoni tu, na yaliyofuata kati yangu na msimamizi tuyaache.

Jumapili nikampigia baba simu, nikamweleza yote, theluji, mifereji, nyavu. Sijui nilitaka afarijike kwa lipi hasa. Pengine kwamba hata mwenye waini ya maelfu mezani hutetemeka kama yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wavu wa ekari moja ni pesa ngapi. Sikuwa nimeuliza.

"Na bonasi," akasema, "wao hulipwa mwezi gani?"