Mti niliouondoa kichwa

Niliukata mti wangu kwa woga, si kwa sababu nyingine. Ulikuwa mti mkubwa wa kivuli, matawi yamepita juu ya paa, na upepo ukivuma usiku sipati usingizi. Fundi akaja na msumeno wa mnyororo. "Tukiushusha nusu, bosi, utalala vizuri." Akakata matawi makuu yote katikati, halikubaki jani. Tukapaka na rangi kwenye vigutu, eti dawa.

Baada ya muda ukachipua kwa fujo. Nikafurahi, nikadhani ni afya. Kumbe ni njaa. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote, unabaki kula akiba ya shinani na mizizini, na kwa akiba hiyo unaamsha macho, yaani vichipukizi vilivyolala chini ya gome. Machipukizi hayo, maotea, yalitoka mafungumafungu kama fagio, yakakimbilia juu. Haikupita miaka minne, mti ukarudi karibu urefu uleule, ila sasa juu ni maotea membamba kama fito, si matawi.

Siku moja, pasipo upepo wa maana, otea nene kama mkono wangu likaanguka uani. Nilipanda ngazi nikaangalia lilipotokea. Lilikuwa limebanduka na ganda jembamba tu la mti, na chini yake kigutu kimeoza, nachokoa kwa kidole kinamomonyoka. Tawi la asili hukua pamoja na shina tangu dogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka yanashikana ndani kabisa. Otea linaanza nje, linashika tabaka za juu peke yake.

Hapo ndipo nilimwita mtaalamu wa miti. Nilitegemea aje na msumeno. Akaniambia nisiguse kitu mwaka ule. Maotea yale niliyoyachukia ndiyo yaliyokuwa yanaulisha mti. Mwaka uliofuata tukaanza: kila kigutu tukachagua mawili au matatu yaliyoshika vizuri na yaliyoachana nafasi, mengine tukayafupisha, machache tukayaondoa. Tukarudia miaka iliyofuata. Alisisitiza kwamba hata mti mzima wenye afya usipunguzwe zaidi ya robo ya majani yake kwa msimu, na mti mzee hata robo ni nyingi.

Alinionyesha pia pa kukata. Tawi linapotokea shinani kuna uvimbe kama mkunjo wa ngozi shingoni. Unakata nje yake kidogo: usiuguse, wala usiache kigutu kirefu. Tawi zito unalikata mara tatu, kwanza kwa chini, mbele kidogo ya uvimbe, halafu kwa juu mbele zaidi, ndipo unamalizia kipande kilichobaki. Ukiruka mkato wa chini, tawi linaanguka na gome la shina.

Na ile rangi? Kazi bure. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi mno kwa msumeno, na mwaka 1977 alieleza kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi. Unakizungushia kuta ndani, kisha unaotesha tabaka mpya za mbao kukifunika. Vigutu vyangu vilikuwa vipana kuliko mti ungeweza kuvifunika.

Kimoja, upande wa paa, bado kiko wazi. Kila baada ya mvua kubwa napanda ngazi kukikagua.