Siku moja maishani mwangu: fundi wa intaneti za majumbani

Saa 12:30 asubuhi. Orodha ya ofisini imeshaingia kwenye simu: nyumba tano. Jana zilikuwa nne, na ya nne niliimaliza gizani. Nakagua mkoba: ruta sita, kebo za mtandao, koleo la kubania vichwa vya kebo, kipima mwanga, spiriti na vitambaa vya kusafishia faiba, bisibisi, keekee, tochi. Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu, ningechukua tochi, kwa sababu nusu ya kazi hii hufanyika chini ya meza za watu na nyuma ya makabati yao. Shemeji yangu huniuliza kila tukionana, "Kwani kuchomeka waya nako ni kazi?" Huwa namwonyesha magoti.

Saa 2:00. Nyumba ya kwanza, dakika 40. Faiba ilikuwa imeshaletwa hadi ukutani, kwa hiyo nilisafisha kichwa chake, nikapima mwanga, nikaunganisha, taa zikawa kijani. Faiba ni kioo chembamba kinachopitisha intaneti kwa mwanga. Chembe ya vumbi kwenye ncha yake, au kona kali mahali inapopinda, inatosha kuua laini nzima. Ubishi pekee ulikuwa juu ya nenosiri. Baba mwenye nyumba alitaka 1234567, ruta ikakataa kwa kuwa nenosiri la waifai haliruhusiwi kuwa chini ya herufi nane. Akaongeza 8. Nilimsihi, akanicheka, tukaelewana mwishowe kwa jina la mbuzi aliyemfuga utotoni pamoja na tarakimu chache. Nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe nalo nikalibadilisha, maana lile la kiwandani hubandikwa chini ya kifaa, na kila mgeni anaweza kulisoma.

Saa 3:30. Nyumba ya pili. Mama wa pale alitaka ruta ifungiwe ndani ya kabati, nyuma ya runinga, kwa sababu inaharibu sebule. Hili nalisikia kila siku. Nikamwambia, mama, mawimbi haya hupungua kila yakipita ukutani, na chuma ndiyo adui yao mkubwa. Ruta hurusha ya aina mbili: ya 2.4 GHz hufika mbali lakini ni ya polepole, ya 5 GHz yana kasi ila huchoka haraka yakikutana na kuta. Ukiifungia kabatini, utanipigia jioni. Tukaiweka juu ya rafu, kando ya vitabu, na akakubali kwa sharti kwamba taa zake zitazame ukutani.

Kilichonifurahisha pale ni kompyuta yake ya mezani. Kifurushi chake ni cha megabiti 300 kwa sekunde, lakini kwa kebo alipata 94 na kitu. Namba hiyo naijua kama naijua sura ya jirani. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, na ili ipite megabiti 100 lazima zote nane zifanye kazi. Ikikatika hata moja, mara nyingi vifaa hurudi kimya kimya kwenye 100, ambayo hutumia nyaya nne tu, na hakuna taa ya kukuonya. Nikakata kichwa cha kebo, nikazipanga upya nyaya kwa rangi zake, nikabana. 298. Mama alisema, "Kumbe!" Basi, neno hilo moja nilitembea nalo mpaka nyumba ya tatu.

Saa 6:15. Nyumba ya tatu ndiyo iliyoila siku yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, fundi."

Kweli nilikuwa nimechelewa robo saa. Nikaomba radhi, nikafunga ruta. Ukutani kulikuwa na waya wa mtandao umening'inia, nikamuuliza unaenda wapi. "Kompyuta ya chumbani, moja kwa moja." Nikauchomeka kwenye ruta. Simu yangu ikapata intaneti, yake pia. Nikajiambia saa 7 natoka.

Akaleta laptopu. Alama ya waifai imejaa, intaneti hakuna. Tukaizima, tukaiwasha, ikapata. Nikaanza kukunja nyaya. Akahama nayo chumbani, nikasikia: "Fundi, imekata."

Nikaiunganisha tena, ikakubali. Runinga ikakataa. Runinga ilipokubali, simu yake ikakataa. Mzee akasema ruta niliyomletea ni mbovu. Nikasema sidhani. Akampigia mwanawe, akanipa simu, na kijana akanishauri kwa upole niizime ruta na kuiwasha. Nimeifanya kazi hii miaka kadhaa, na sijawahi kukutana na ndugu wa kwenye simu mwenye ushauri mwingine. Nikaizima, nikaiwasha. Kisha mzee akadai ruta nyingine na, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubishana, nikambadilishia, nikapanga kila kitu upya kuanzia jina la waifai. Nusu saa ikaenda. Vituko vilevile.

Hapa nakiri kosa langu. Jambo nililopaswa kulitazama mwanzo nililitazama mwisho. Kila kifaa kinachojiunga na mtandao wa nyumbani huuliza, nani atanipa anwani? Ruta hujibu, chukua hii, na ukitaka kutoka nje pitia kwangu. Mazungumzo hayo huitwa DHCP, na nyumbani anatakiwa awepo mjibuji mmoja. Ruta yangu hujiita 192.168.1.1. Nilipofungua dirisha jeusi la amri kwenye laptopu nikaandika ipconfig, mlango wake wa kutokea ulikuwa 192.168.0.1.

Humu ndani kulikuwa na mwingine anayegawa anwani.

"Mzee, hakuna ruta nyingine humu?"

"Hakuna. Ile ya zamani ilishakufa."

Nikauchomoa ule waya wa ukutani. Vifaa vyote vikajiunga upya, vyote vikapata. Nikauchomeka, ikawa bahati nasibu tena. Nikaufuata kwa tochi, chumba hadi chumba, mpaka nyuma ya kabati la nguo, ambalo ilibidi tulisogeze wawili, mimi nasukuma, yeye anaelekeza. Ruta ya zamani ilikuwa pale, imevaa vumbi kama sweta, taa zinapepesa. Waya mmoja umeingia, mmoja umeenda kwenye kompyuta.

"Aah, hiyo! Hiyo si ruta sasa. Mjukuu wangu aliizima waifai, ikawa ya kugawia waya tu."

Waifai aliizima. Kugawa anwani hakukuzima. Kila kifaa kilipouliza, ruta mbili zilikimbilia kujibu: kikiwahiwa na yangu, kinapata intaneti, kikiwahiwa na ile marehemu, kinaelekezwa kwenye mlango usiotoka popote. Nenosiri lake hakuna aliyelikumbuka, kwa hiyo nikabonyeza kitundu cha nyuma kwa pini mpaka ikarudi ilivyotoka kiwandani, nikaipa anwani 192.168.1.2, nikazima DHCP, nikazima waifai iliyokuwa imefufuka, nikahakikisha waya umekaa kwenye matundu ya ndani, siyo lile la kupokelea intaneti. Vifaa vyote vikatulia.

"Unaona, fundi," mzee akasema, "kumbe kilikuwa kitu kidogo tu. Ungeniuliza mapema."

Saa 9:20.

Nyumba ya nne kulikuwa na dari lenye joto, na kebo ya mita 30 niliyoivuta nikiwa nimelala kifudifudi. Sikumbuki sana zaidi ya hapo. Nilitoka na vumbi mpaka kwenye kope.

Ya tano nilifika jua linazama. Dada mmoja, mpole, printa yake haikuiona waifai mpya. Printa nyingi za zamani husikia 2.4 GHz tu, na ruta ilikuwa imeunganisha masafa yote mawili kwa jina moja, nikayatenganisha, ikaiona. Majirani wake walikuwa wamejazana kwenye chaneli 6, njia ileile ya mawimbi aliyokuwa akiitumia yeye, nikamhamishia 11. Alinipa kiti. Nilikaa dakika mbili na nikaogopa kwamba nisipoinuka papo hapo sitainuka.

Garini, kabla ya kuwasha injini, lazima nijaze ripoti. Nyumba ya tatu imewekewa alama nyekundu: muda umezidi, fundi aeleze. Sababu za kuchagua ni laini mbovu, ruta mbovu, mteja hayupo, mengineyo. Mkobani kuna ruta nzima kabisa niliyoiondoa kwa mzee, itakayopimwa ofisini kesho na kuonekana haina tatizo lolote, na nitaulizwa kwa nini niliibadilisha.

Nikabonyeza mengineyo. Nafasi ya maelezo inakubali herufi 40.